Nimekuta kaseti ya zamani nyumbani, kuna dijei wa Radio One simjui. Wa enzi hizo nisaidieni

Mtoto wa Mapipa

Wakuu habari za wikiendi. Juzi tulikuwa Magomeni tunatoa vitu vya marehemu mzee, nyumba inapigwa rangi kuna mpangaji anaingia. Kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti vya kliniki na risiti ambazo hata wino umefutika, nikakuta kaseti moja TDK ya dakika 60. Zingine zote zilishaota ukungu ila hii ilifungwa kwenye mfuko wa nailoni wa sukari na ikakazwa na mpira. Pembeni imeandikwa kwa mwandiko wa mzee mwenyewe, ule wa kulala upande mmoja, "Msondo 1987".

Sasa kupata cha kuichezea ndo ikawa kazi. Nimezunguka mtaa mzima mtu ananitolea spika ya bluetooth, nikisema nataka redio kaseti watoto wanacheka. Mwisho nikapata kwa fundi saa mmoja Kariakoo, nikaikaza na kalamu ya Bic kama zamani, nikaiweka. Wakuu, sio ile bendi ya Msondo. Sauti ya kwanza ni Coolio, ule wimbo wake uliovuma kila mahali, halafu unakatika, inasikika "taa", anaingia jamaa na sauti ya kubana: "Rediooo One Stereo! Jua kali, joto kali, muziki mkali. Kaa hapo hapo, ukihama umeumia!" Halafu Boyz II Men. Halafu jamaa tena. Nusu saa nzima upande A uko hivo.

Nimesisimka mpaka fundi akaniuliza kama kuna msiba. Huyo jamaa sauti yake naijua kabisa, nimeisikia utotoni, ila jina haliji. Hajitaji hata mara moja. Hiyo "ukihama umeumia" ilikuwa ya nani? Waliokuwa na akili zao miaka ile ya tisini njooni. Na kama humjui basi nambie wewe ulikuwa unamsikiliza nani, maana tangu juzi nimekuwa mtu wa kukumbuka tu.

---

Binti Ilala

Daah umenirudisha mbali sana. Radio One ilipoanza 1994 mimi nipo darasa la sita, na kabla ya hapo kwetu redio maana yake ni RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, hakuna kuchagua, ukiamka ipo ukilala ipo. Ghafla ikaja redio inaongea kama kaka zetu wa mtaani wanavyoongea. Kipindi cha DJ Show ndo kilituharibu, Taji Liundi tulikuwa tunamwita Master T, na Mike Mhagama. Hao ndo wa kwanza kuchukua vijana wa Bongo wanaorap Kiswahili na kuwachezea hewani pamoja na Wamarekani bila aibu, wakati wazee wetu wanasema ni uhuni. Mike mpaka leo anatajwa kwamba hilo jina Bongo Flava lilitokea mdomoni kwake, wabishi wapo ila mi nilikuwa nasikiliza na nakubali.

Ila hiyo "ukihama umeumia" mbona siikumbuki kwa yeyote kati yao? Na mimi nilikuwa nasikiliza na daftari. Ndio, daftari la nyimbo, kava nimebandika picha kutoka kwenye gazeti, nasikia wimbo naandika maneno haraka haraka, kile Kiingereza nilichoandika mle ndani Mungu anisamehe, nilikuja kulisoma nikiwa chuo nikakuta wimbo wa mapenzi nimeuandika unahusu sijui ng'ombe.

Afu kitu kilichonitesa ni hao madijei kuongea juu ya wimbo. Unakaa na kidole kwenye pozi toka mchana, REC na PLAY umeshabonyeza, wimbo wako unaingia moyo unadunda, unaachia pozi, yeye anaongea! Anasalimia, anataja saa, anacheka, mpaka mwimbaji anaanza. Na mwishoni tena kabla haujaisha anarudi. Tulikuwa tunaamini wanafanya makusudi tusirekodi ili twende tukanunue kaseti. Sina wimbo hata mmoja wa ujana wangu ambao ni mzima kichwa na miguu. Siku hizi nikiusikia huo wimbo kwenye simu, ule mwanzo mtupu bila mtu kuongea, naona kama kuna kitu kimeibiwa.

---

Kadi ya Salamu

Vijana mna bahati. Mimi ni wa Tabora, nimezaliwa kabla ya Azimio la Arusha, na nikwambieni ukweli enzi zetu hakukuwa na neno dijei redioni. Dijei alikuwa wa disko, yule wa kwenye giza na taa za rangi. Redioni alikuwepo MTANGAZAJI, anavaa vizuri japo humuoni, na ukimsikia unajua kavaa vizuri.

Julius Nyaisanga kwa mfano, Uncle J, Mungu amrehemu, alifariki Oktoba 2013 pale Morogoro. Yule alikuwa akisalimia tu nyumba nzima inatulia. Charles Hilary naye, huyu mwingine tumemzika Mei 2025, kaanzia RTD, akaja huko huko kwenu Radio One na kipindi chake cha muziki, Charanga Time, mpaka watu wakamwita Mzee wa Macharanga, kisha Ujerumani, kisha BBC. Ukitaka kujua sauti ni nini msikilize Charles anatangaza mpira halafu jioni anakuchezea charanga, mtu yule yule, na hakuna hata sehemu moja anapiga kelele.

Sasa kuhusu salamu. Kulikuwa na kadi za salamu, unanunua, unajaza jina lako, wa kwanza kumsalimia, wa pili, wa tatu, na ujumbe, unatia posta unasubiri. Unaweza kusubiri mpaka yule unayemsalimia mmeshagombana. Nilishamsalimia binti mmoja wa Nzega na ujumbe wa mapenzi mazito, kadi ikasomwa miezi baadae nikiwa nimekaa sebuleni na mchumba mwingine na baba yake. Jina langu lilitajwa lote, na la babu, na sanduku la posta. Nilitamani betri ziishe wakati ule ule. Siku zote zinaisha kwenye Mazungumzo Baada ya Habari, siku hiyo zikagoma.

Na betri tulikuwa tunaanika juani jamani. Asubuhi zinapangwa kwenye bati kama dagaa, jioni unapata habari na nyimbo mbili.

Mwandishi wa uzi, marekebisho kidogo, 1987 bendi iliitwa JUWATA. Msondo ni jina la mtaani, ila wote tulisema hivo hivo kwa hiyo mzee wako hakukosea.

---

Mtoto wa Mapipa

Shikamoo mzee Kadi ya Salamu, nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia. Asante kwa hiyo ya JUWATA. Sauti yenyewe sio ya Uncle J wala Charles Hilary, hao nawajua hata usingizini. Huyu ni kijana. Anajitahidi kuwa na sauti nzito afu inamponyoka katikati.

---

Nyamagana

Kanda ya ziwa tuna yetu. Radio Free Africa, hamtuambii kitu. Mlipokuwa mnahangaika na FM sisi RFA ilikuwa inafika hadi visiwani huko Ukerewe, wavuvi wanatoka ziwani usiku redio imefungwa kwenye mlingoti na mpira. Kid Bwoy alikuwa dijei wangu mimi, baadae akawa na studio yake hapa hapa Mwanza, Tetemesha. Simjui huyo wa kaseti, nimepita kusalimia tu.

---

Taveta Mpakani

Wabongo hamjambo, mimi ni wa upande wa pili hapo Taveta, sisi tulikuwa tunashika za kwenu na za kwetu, ukigeuza kile kisahani cha redio kidogo umevuka mpaka bila pasipoti. Kwetu dijei ni Fred Obachi Machoka, kuanzia huko VoK, redio ya taifa kabla haijaitwa KBC mwaka wa 1989, mpaka kipindi cha Roga Roga cha redio Citizen Jumamosi, rhumba mtupu. Jumamosi mathee anafua na Machoka yuko kwa dirisha. Ukisikia Franco saa hizo mimi bado nasikia na harufu ya Omo.

Na Leonard Mambo Mbotela hakuwa dijei najua, mzee wa salamu asinipige. Lakini kipindi chake Je Huu Ni Ungwana kilikuwa hewani toka 1966, sasa wewe fikiria mtu anakuuliza swali moja miaka hiyo yote na bado unaona aibu. Alituacha Februari 2025. Baba yangu alikuwa anazima redio ikiisha na kutuangalia mmoja mmoja, kama Mbotela amempigia simu akamwambia ni nani amekojoa kwa ukuta.

Ya "ukihama umeumia" sijui, ila Nairobi angesema hivyo tungehama tu.

---

Fundi Mtandika

Mimi natengeneza redio toka 1989 na sasa natengeneza simu kwa sababu ya njaa. Mleta uzi nina maswali ya kifundi kabla hujaendelea kutafuta jina.

Moja, umesema wimbo unakatika inasikika "taa" ndo jamaa anaingia. Anaongea JUU ya wimbo au kati ya wimbo na wimbo? Mbili, akiongea kuna mvumo nyuma, kama upepo wa bomba? Tatu, kuna sauti nyingine yoyote ya mazingira? Mtu, gari, sufuria? Jibu vizuri usikimbilie.

---

Mtoto wa Mapipa

Fundi nimerudi kwa mzee wa saa leo mchana makusudi kwa ajili yako, nimeisikiliza na karatasi.

Moja, kati. Hajawahi kuongea juu ya wimbo hata mara moja. Wimbo unakatwa, "taa", anaongea, "taa", wimbo unaanza na mara nyingi unaanzia katikati. Mbili, ndio mvumo upo akiongea tu, kwenye nyimbo haupo. Tatu, kuna jogoo. Anawika mara mbili, na ya pili jamaa anasita kidogo halafu anaendelea. Nilidhani ni jogoo wa kwetu uswahilini aliingia wakati tunarekodi.

---

Fundi Mtandika

Haya kaa chini.

Redio kaseti ukirekodi kutoka redio yake yenyewe, sauti inapita ndani kwa ndani kwenye waya kwenda kwenye hedi, kile kichuma kinachogusa mkanda. Haitoki nje. Unaweza kuvunja sahani mbele yake, unaweza kugombana na mkeo, kwenye kaseti hakuna kitu. Kwa hiyo jogoo wa uswahilini HAWEZI kuingia ukiwa unarekodi redio. Jogoo anaingia kwa njia moja tu, kile kitundu kidogo mbele kilichoandikwa MIC, na kile kinafanya kazi ukiwa umesukuma swichi kutoka RADIO kwenda TAPE. Ule mvumo unaousikia ni wa maiki hiyo, na "taa" ni mtu anabonyeza REC na PLAY pale pale chumbani.

Na dada wa Ilala kashakupa jibu bila kujua. Dijei wa kweli angeongea juu ya wimbo. Huyu anasubiri wimbo akate kwa sababu hana jinsi, ana redio moja.

Huyo sio dijei wa Radio One mkuu. Kuna mtu nyumbani kwenu alikuwa ana redio yake. Mlikuwa wangapi?

---

Binti Ilala

WEEEE 😂😂😂 nimeshika mdomo. Mleta uzi "sauti naijua kabisa nimeisikia utotoni" si ndo maana!! Kaka yako yuko wapi saa hizi?

---

Kadi ya Salamu

Fundi heshima yako. Polisi wangekuajiri.

---

Nyamagana

"Sauti inamponyoka katikati" hahaha dogo alikuwa anabalehe.

---

Mtoto wa Mapipa

Wakuu samahani kwa kukaa kimya toka juzi, nilikuwa natafuta bando la kutosha na moyo wa kutosha.

Tulikuwa wawili tu wa kiume. Braza wangu ananizidi miaka sita, yuko Kahama, anauza spea za pikipiki. Nimempigia jana jioni, sikumwambia kitu, nimeiweka simu kwenye spika ya ile redio nikabonyeza. Rediooo One Stereo, jua kali, joto kali. Kimya upande wa pili. Nikadhani imekata. Kumbe mtu analia anacheka kwa pamoja, mpaka nasikia shemeji anauliza kuna nini huko.

Anasema ilikuwa 1996, yuko kidato cha pili. Mama akienda sokoni yeye anajifungia chumba cha uani, anajifunika blanketi yeye na redio ya mzee ili sauti iwe nzito kama ya studio, na joto la Dar mnalijua, kwa hiyo ile "joto kali" hakuwa anaigiza. Nyimbo alikuwa anazinasa Radio One siku nzima, kisha anasukuma hiyo swichi aliyosema fundi, anaongea, anarudisha. Jogoo alikuwa wa mama mwenye nyumba ya jirani, alishamrushia ndala zote mbili na hakukoma. Anasema kile kipande cha pili alikirekodi mara tatu na mara zote tatu jogoo aliwika pale pale, mwisho akaona yaishe.

Sasa sikilizeni hii ambayo mimi sikuijua maisha yangu yote. Ile kaseti hakutengeneza ili atuchezee sisi. Alipanda daladala peke yake akaipeleka kwenye redio moja hapa mjini kuomba kazi. Na uniform ya shule. Getini mlinzi akawa mtu mzuri tu, akamwambia dogo wakubwa wapo kwenye kikao, iache hapa na jina lako nitawapa wasikilize. Braza akaishika. Akaiangalia pembeni, "Msondo 1987". Kesho yake ni Jumamosi, na Jumamosi mzee akitoka kazini anaoga, anaweka kiti uani, anataka Msondo wake. Akasema hapana mzee wangu, nitairudisha siku nyingine. Akapanda daladala akarudi.

Jumamosi mzee kaweka kiti, kabonyeza, kakutana na Coolio.

Kile kichapo nakikumbuka wakuu! Mimi nilikuwa na miaka tisa, nilijificha nyuma ya pipa la maji, na miaka yote hii nilikuwa najua braza alichapwa kwa kuvunja kioo cha kabati. Tena nilikuwa namuonea huruma kwa sababu kioo nilivunja mimi.

---

Binti Ilala

Sasa nani aliifunga kwenye mfuko wa sukari na mpira??

---

Mtoto wa Mapipa

Ndo nilichomuuliza braza. Anasema sio yeye, baada ya ile siku hakuiona tena, alijua mzee kaitupa. Mama naye nimemuuliza leo asubuhi, amesema "vitu vya baba yenu mimi sikuwa nagusa", akaendelea kuchambua mchele.

Upande B nimeumalizia pia. Braza ana vipande viwili tu, halafu "taa", halafu kama dakika mbili za mwisho ambazo hakuzifikia, tarumbeta za Msondo zile za mzee zipo vile vile, na sauti ya mtu wa RTD inaanza kusema jina la wimbo na kaseti inaisha.

---

Fundi Mtandika

Hiyo kaseti usiicheze tena kwenye redio ya yule mzee kabla hajasafisha hedi kwa spiriti na pamba. Ikitafunwa hapo sina dawa. Ihamishie kwenye simu au kompyuta mara moja, tena kwa waya, usishike simu mbele ya spika.

---

Taveta Mpakani

Na braza aliacha hayo mambo ya redio kabisa ama?

---

Mtoto wa Mapipa

Spea mchana, wikiendi ni MC wa harusi, Kahama nzima inamjua. Anasema bwana harusi akichelewa kuingia ukumbini anawaambia wageni kaeni hapo hapo, ukihama umeumia.

---

Kadi ya Salamu

Tupia sauti hapa tumsikie. Niko tayari kumkosoa kwa upendo.

---

Mtoto wa Mapipa

Nimemuomba. Amekubali ila kwa sharti nikate jogoo.

---

Fundi Mtandika

Ukikata jogoo mimi natoka kwenye huu uzi.